Honi Mbili Getini

Taratibu alizoea kuwatambua watu kwa viatu, maana nusu ya umri wake aliumaliza akiwa amelala chali chini ya lori. Jumatatu ile alikuwa chini kama kawaida, juu ya kipande cha boksi, mkononi ana bomba la grisi, mara viatu vyeusi vikaja vikasimama karibu na tairi la mbele. Vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi hiyohiyo. Na katika ua wa duka la vifaa vya ujenzi, kwenye vumbi la saruji na mchanga, mtu hapigi rangi viatu ila ana jambo.

"Mzee Taratibu, upo?"

"Nusu nipo. Sema na hiyo miguu, itanifikishia."

Alikuwa Mwenyekiti wa timu ya mpira ya mji. Siku nyingine angecheka. Siku hiyo alikohoa, akachuchumaa, uso wake ukatokea kati ya magurudumu.

"Mzee wangu, jana vijana wameshinda."

"Nimesikia."

"Kombe limekuja mjini. Miaka thelathini na moja tunalitafuta."

"Nimesikia, Mwenyekiti. Masikio ninayo."

"Sasa, Jumamosi tunataka kulizungusha. Vijana wapande juu, watu wawaone. Gari la wazi la kubeba watu ishirini na tano mji huu ni hili moja. Tajiri wako nimeshamwona. Amesema gari lipo, ila dereva aulizwe mwenyewe."

Taratibu akaliacha bomba la grisi. Alielewa upesi kwa nini tajiri, mtu ambaye hajawahi kumuuliza dereva hata kama amekula, safari hii ametaka dereva aulizwe. Siku kumi na tano nyuma lori hilihili lilibeba majeneza.

Kiwanda cha sabuni kipo kando ya barabara kuu, na nusu ya nyumba za mji huo zilikula kwa mkono wake. Alhamisi moja, saa nne kasoro asubuhi, boila ya mvuke ilipasuka. Walikufa watu kumi na wanne. Fundi wa boila alikuwa mdogo wake Taratibu, tumbo moja. Hospitali ilikuwa na gari moja la kubebea maiti, nalo nafasi yake ni ya mtu mmoja, na viongozi wa dini walikuwa wamekubaliana kwamba wote wazikwe siku moja, Jumapili. Basi likaitwa lori. Taratibu alikwenda safari mbili, majeneza saba kila safari. Katikati ya jeneza na jeneza aliweka viroba vya mchanga ili yasisogee kwenye kona. Aliendesha kwa gia ya kwanza kutoka kanisani hadi makaburini. Mdogo wake alikuwa katika safari ya kwanza, wa tatu kutoka kushoto, nyuma tu ya mgongo wa kaka yake. Watu walimwomba ampe mtu mwingine usukani. Alikataa, akasema hakuna mwingine anayeijua klachi ya gari lile.

"Mwenyekiti," alisema kutoka chini, "udongo wa yale makaburi haujashuka bado."

"Najua, mzee."

"Unajua, na viatu umepiga rangi."

Mwenyekiti akavitazama viatu vyake kama vya mtu mwingine. "Mzee, hatumsahau mtu. Vijana walicheza na vitambaa vyeusi mikononi, uliona. Tutawataja wote, mmoja mmoja. Na huu msiba si wa nyumba moja, ni wa mji mzima. Wahenga walisema, kifo cha wengi harusi."

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Methali yenyewe haina ubaya. Inasema huzuni ikishikwa na mikono mingi hupungua uzito. Lakini kuna maneno yana mahali pake, na mahali pake si sikioni mwa mfiwa.

"Basi nenda kaoe," Taratibu akasema, akarudi kwenye grisi yake.

Viatu vilisimama kidogo, vikageuka, vikaondoka.

Jina la Taratibu hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi ujenzi waliokuwa wakimngojea na matofali, jua likiwapiga, huku yeye anakuja barabarani kama mtu anayesindikiza kobe. Walimtukana, walimtania, wakachoka. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Mzigo ndio dereva. Mimi nashika usukani tu." Saruji ina mwendo wake, nondo zina mwendo wake, na kioo kina mwendo ambao hata mtoto anayetambaa anaweza kukupita. Katika miaka thelathini na minne hakuvunja kioo hata kimoja, wala hakugonga hata kuku. Nyuma ya bodi alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: MWENDA POLE HAJIKWAI. Chini yake, kwenye vumbi, kidole cha mtu kilikuwa kikiongeza kila wiki: wala hafiki.

Kidole hicho kilikuwa cha mdogo wake. Huyo watu walimwita Redio, maana tangu utotoni alikuwa akitangaza mpira kwa kopo tupu la maziwa, hata kama hakuna mpira unaochezwa. Alitangaza mbuzi wakivuka barabara. Alitangaza Dada yao akipepeta mchele. Baba yao alifariki Redio akiwa na miaka minne, mama akafuata kabla ya mwaka kwisha. Dada alikuwa na ishirini na mbili, Taratibu kumi na tisa. Waligawana mtoto kama wanavyogawana ndoo ya maji: huyu anashika huku, yule anashika kule, maji yasimwagike. Dada alifua nguo za watu, Taratibu akaacha shule kidato cha pili akabeba matofali, mpaka dereva mmoja mzee akamwonea huruma akamfundisha gari. Redio alisomeshwa ufundi. Alipoajiriwa kiwandani, Dada alipiga magoti palepale uani, kwenye tope, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakatoka kuona nani amekufa.

Na kulikuwa na mchezo wao. Kila Taratibu alipopita na lori mbele ya geti la kiwanda alipiga honi mara mbili, fupifupi. Kule ndani, kwenye chumba cha boila, Redio alishika mnyororo wa king'ora cha mvuke, kile kinacholia saa za zamu, akakigusa tu: fyuu. Haikuzidi pumzi moja. Kazini haikuruhusiwa kabisa. Redio alishapewa barua mbili za onyo kwa ajili ya hiyo fyuu, na ya pili aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni, karibu na picha ya harusi. Mji mzima uliujua mchezo huo. Wanawake waliokuwa na chungu jikoni walisikia honi mbili na fyuu moja, wakasema, ndugu wamesalimiana, tuko salama.

Tangu ile Alhamisi, Taratibu alikuwa amepita mbele ya geti mara nyingi, maana barabara ni hiyo moja. Kila akikaribia alikuwa akiuhamisha mkono wake wa kulia kutoka kwenye usukani, anaukalia. Ndiyo, anaukalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

Jioni ya Jumatatu ile alirudi nyumbani akawasimulia. Ua ulikuwa mmoja. Upande huu nyumba ya wazazi, anamokaa Dada, na Taratibu aliyerudi humo baada ya mkewe kutangulia mbele ya haki. Upande wa pili nyumba ya Redio, anamokaa sasa Shemeji, mjane wake, na watoto watatu. Shemeji alikuwa amekuja kuomba chumvi, akakaa.

"Alisema nini? Hebu rudia," Dada akasema. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na hata akiongea jikoni alitaka kila neno litoke wazi.

"Kifo cha wengi harusi."

"Ala! Ndiyo maana wanataka ngoma. Sisi tulidhani tumezika, kumbe tumeozesha. Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia basi nenda kaoe."

Shemeji akacheka. Kilimtoka tu, kicheko kizima, kabla hajakishika. Akaziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na nane. Mlangoni walikuwa wamesimama watoto wake, na yule wa kati, msichana wa miaka saba, akamtazama mama yake kwa macho makubwa.

"Mama, kumbe inaruhusiwa?"

Taratibu aliona aibu, hakujua aibu ya nini. Shemeji akawaambia watoto waende wakafunge kuku, na walipoondoka akasema bila kumtazama mtu:

"Mnaona? Siku zote hizi hawajacheza mpira hapo uani. Wakianza tu, mpita njia anawafanyia shii. Juzi mdogo alicheka usingizini, mkubwa akamwamsha amnyamazishe. Nikitoka naambiwa pole, nikirudi naambiwa pole, nikinunua kiberiti naambiwa pole. Ni maneno mema, simlaumu mtu. Lakini wifi, mimi nimechoka. Mji mzima unatutazama kama watu waliobeba maji ya moto."

"Kwa hiyo unataka wapite na kombe," Dada akasema polepole.

"Nataka mtu mwingine acheke kwanza, hadharani, ili wanangu waone dunia haijapasuka."

"Na sasa utaniambia marehemu angependa."

"Sijasema."

"Wote wanasema! Leo nimeambiwa na watu wanne. Redio angependa, Redio angefurahi. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini huyu wetu wamempa la kwao. Mtu akishakufa, amekuwa wa kukubali kila kitu? Huyo Redio aliyekataa hata kula bamia miaka arobaini na mitatu?"

Shemeji akatabasamu kidogo kwa ajili ya bamia, tabasamu likafa. "Sisemi angependa, wifi. Yeye hayupo. Mimi ndiye nipo."

Dada akainuka, akachukua sufuria ambayo haikuwa na kazi, akaifuta. Taratibu aliona mikono yake. Ilikuwa imebabuka kwa sabuni tangu ujana, sabuni ya kiwanda kilekile. "Kuna nyumba pale kwenye kona, ukishapita kiwanda," Dada akasema, "mama amezika watoto wawili siku moja. Mpigie ngoma mlangoni. Mungu hajakataza furaha, nami sijakataza. Nasema furaha ina miguu, inaweza kungoja. Kwani kombe litaoza?"

Na huyo naye alisema kweli. Hilo ndilo lililomchosha Taratibu. Angekuwa mmoja wao mjinga, yeye angepata usingizi.

Alipokuwa akimsindikiza Shemeji na chumvi yake hadi mlangoni, Shemeji alisimama.

"Shemeji, ukiamua kuendesha, mimi sitakulaumu. Ukiamua kukataa, pia sitakulaumu. Ila naomba kitu kimoja. Ukipita pale getini, usipige ile honi."

"Siipigi tena."

"Niahidi. Nikiisikia ile honi nitangoja jibu. Na sitaweza."

"Nakuahidi," akasema.

Wiki hiyo alipeleka saruji, kokoto na milango, na kila aliposhusha mzigo alipakiwa maoni. Fundi wa bomba alisema timu ikipita na shangwe yeye atajifungia ndani. Muuza mbao alisema wasipopita, wafu watakuwa wamekufa mara mbili. Mwashi mmoja alisema ngoma ipigwe lakini kwa fimbo nyembamba. Taratibu aliwasikiliza wote, akijibu "hee" na "kumbe", na jioni mabega yalimuuma kama mtu aliyeshusha gari peke yake. Jumatano kanisani, baada ya sala, Dada alimsimamisha Mchungaji kwenye ngazi akamuuliza inafaa au haifai.

"Tuombe hekima, mama," Mchungaji akasema.

"Hekima nimeomba tangu Jumatatu, baba. Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Mchungaji alizunguka lile swali vizuri sana, akatokea upande wa pili bila kulijibu. Taratibu hakumlaumu. Mtu aliyesoma vitabu vyote vile akikosa jibu, dereva atalitoa wapi? Siku hiyo alisali ndani ya kabini, gari limezimwa, kichwa kwenye usukani: "Mungu wangu, mimi sijui. Ninachojua ni gia. Niambie mzigo huu ni wa gia gani." Halafu akangoja. Hakusikia sauti. Alisikia tu mtoto wa mtu akimwambia mwenzake nje: "Usipige kelele, huyo ndiye kaka wa marehemu."

Alhamisi akaenda kwa Mwenyekiti. Hakukaa.

"Nitaendesha. Lakini mwendo ni wangu. Nyimbo na ngoma mtaanza uwanjani, mtanyamaza kwenye mzunguko wa barabara, kabla ya kiwanda, mtakaa kimya mpaka tupite kiwanda na ile nyumba ya kona. Baada ya hapo muimbe mpaka mpasuke. Na mimi honi sipigi safari nzima. Ukitaka honi, tafuta basi."

"Mzee wangu, nimekubali yote." Mwenyekiti akashusha sauti. "Na lile neno la juzi, nisamehe."

"Umeshaoa?"

"Bado, mzee."

"Basi limekwisha."

Ijumaa aliosha lori. Alivuta mpira wa maji hadi uani, akapanda juu ya bodi na brashi ya waya. Bodi lilikuwa limeshabeba mizigo mingi tangu ile Jumapili, lakini lilikuwa halijaoshwa. Alikuwa akisingizia uhaba wa maji. Kwenye mianya ya mbao mchanga ulianza kutoka, mweupe, laini, mchanga wa vile viroba. Ulitoka kidogokidogo na maji, ukamiminika chini kupitia nyuma, hapo penye maandishi. Taratibu akafunga maji. Akashuka. Akaukusanya ule mchanga kwa viganja, si mwingi, ungejaa kikombe, akautia kwenye kopo la grisi lililokwisha na kuliweka chini ya kiti chake. Hakuwa na maelezo. Kama mtu angemuuliza, angesema mchanga mzuri hautupwi.

Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa uwanjani. Wachezaji walipanda, wembamba, wamevaa jezi safi, hawajui wacheke au wasicheke. Kipa ndiye aliyebeba kombe. Kipa huyu alikuwa mfungashaji wa sabuni kiwandani, na ile Alhamisi aliombewa ruhusa ya mazoezi. Ndiyo sababu alikuwa hai. Alipanda wa mwisho, akasimama mbele kabisa, nyuma ya kabini. Taratibu akamkumbusha desturi ya gari: kugonga paa mara moja, simama, mara mbili, twende.

Alikuwa ameshawasha gari alipoona Shemeji anakuja mbio, mdogo kiunoni, wawili wanamfuata, mkubwa ana jezi ya baba yake iliyomfika magotini.

"Nilisema siji," akasema, akipumua. "Hawa wamenishinda."

"Pandeni."

Wakabanana kabini watano. Msichana wa kati alikaa katikati, karibu na gia, akauliza kama anaweza kuimba. Taratibu akamtazama Shemeji. Shemeji akasema, "Uliza baba mkubwa, ndiye dereva."

"Imba," Taratibu akasema. "Mpaka kwenye mzunguko."

Wakatoka. Ngoma zilianza kwa woga kama mvua inayojaribu bati, kisha zikakolea. Watu walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Walijipanga kando, wengine wakipunga mikono, wengine wamekunja mikono kifuani. Aliona wanawake waliovaa nguo za msiba wakipiga makofi huku machozi yanawatoka, na hawakujishughulisha kuyafuta. Alimwona fundi wa bomba, aliyesema atajifungia, amesimama mlangoni kwake, nusu ndani nusu nje. Kabini msichana aliimba jina la timu, anakosea maneno, kaka yake anamrekebisha, wakagombana, wakacheka. Shemeji alitazama nje ya dirisha.

Walipopita mbele ya ua wao wenyewe Taratibu akapunguza, ingawa hapakuwa na cha kupunguza. Dirisha la mbele lilikuwa wazi, na Dada amesimama. Macho yao yalikutana. Hakukunja uso. Alinyoosha mkono tu, akavuta bawa moja la dirisha, kisha la pili, taratibu, kama anayefunika chakula. Taratibu akaona Dada ana haki yake. Akaendelea.

Kwenye mzunguko ngoma zikanyamaza. Walikuwa wameahidi, na wakatimiza. Mamia ya watu waliokuwa wakifuata kwa miguu wakanyamaza pia, hata ikasikika mikwaruzo ya ndara kwenye lami. Gia ya kwanza. Mwendo ulikuwa uleule wa ile Jumapili, na mguu wake ulijua bila kuambiwa. Mbele likaonekana geti la kiwanda, limefungwa mnyororo, na karatasi ya uchunguzi imebandikwa, na maua yaliyokauka. Juu ya paa bomba la king'ora limesimama, halina mvuke.

Taratibu alikuwa akifikiria mambo mengi. Alifikiria klachi. Alifikiria watu walio karibu na magurudumu. Alifikiria kombe lile jepesi na jinsi majeneza yalivyokuwa mazito. Jambo moja hakulifikiria. Msichana alikuwa amekaa upande wa gia, nafasi ilikuwa ndogo, na Taratibu amebanwa mlangoni, mkono wake wa kulia haukupata pa kukaliwa.

Pi, pi.

Honi mbili, fupifupi.

Mkono ulijipigia. Miaka kumi na tisa umekuwa ukipiga mahali hapo, ukapiga. Taratibu aliuona ukirudi kwenye usukani kama mbwa aliyeiba nyama. Mguu wake ulikanyaga breki, lori likasimama mbele kabisa ya geti, na watu wote, wote, wakageuza nyuso zao juu, kwenye lile bomba.

Wakangoja. Ajabu ni kwamba walingoja kweli. Walijua boila ni vipande vya chuma, walijua aliyeshika mnyororo yuko chini ya udongo ambao haujashuka, na bado walikaza masikio, wazee kwa watoto. Upepo ulipita. Taratibu hakuthubutu kumtazama Shemeji. Alimsikia tu akishika ukingo wa mlango.

Ndipo paa la kabini likagongwa. Mara mbili.

Alikuwa Kipa. Mpaka leo Taratibu hajui kama yule kijana alikuwa anajibu, au alikuwa anasema tu twende, maana ndivyo walivyofundishana uwanjani. Hakumuuliza. Kuna maswali ukiyauliza unayapunguza.

"Shemeji," Taratibu akasema, "nisamehe. Nilikuahidi."

Shemeji alikuwa analia, lakini alikuwa pia anatikisa kichwa, na kilichomtoka kwanza hakikuwa kilio. "Angekujibu," akasema, "angepata barua ya tatu." Akacheka, akalia, akacheka, watoto wakamtazama, halafu yule msichana wa kati akafungua mdomo akafanya kwa midomo yake, ndogo sana, ndani ya kabini tu: fyuu.

Taratibu akaachia breki.

Walipita nyumba ya kona kimya kimya, mlango wake umefungwa. Baada ya hapo ngoma zikarudi. Hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyeanza kuimba kwanza.

Jua lilipokuwa linashuka alirudisha lori, akatembea hadi nyumbani. Magoti yalimuuma, macho yalimuuma. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, madirisha nyuma yake yamefunguliwa tena. Uani watoto wa Redio walikuwa na mpira. Wa kati alikuwa golini, anajitangaza mwenyewe kwa kopo.

Taratibu akakaa kwenye ngazi, akavua viatu. Dada akamwongezea nafasi.

"Umepiga honi," Dada akasema.

"Mkono ulijipigia."

"Nimeisikia hapa hapa. Nilikuwa nimefunga na madirisha." Akafuta kitu kisichokuwepo kwenye goti. "Nami nilingoja. Nilisimama katikati ya chumba, nimeinua kidole hivi, kama nawaelekeza kwaya. Mpaka nikajiona mjinga."

"Hukuwa peke yako."

"Bado nasema haikuwa haki, wiki tatu tu. Mama wa kona hajala leo; nimempelekea uji, nimeuacha mlangoni."

"Najua."

"Sitabadilika."

"Sijakuomba."

Mpira ukagonga ukuta, ukawapita karibu na vichwa. Kwenye njia, nje ya ua, mtu alikuwa anapita. Akasimama, akaweka kidole mdomoni kuwatuliza watoto. Dada akainua shingo.

"Wewe baba, pita," akamwambia, kwa sauti yake ya kwaya. "Waache wacheze. Hawa ni wetu."

Mtu yule akapita. Dada akarudi kukaa, amechoka, kama aliyebeba ndoo.

"Jumatatu una mzigo gani?"

"Vioo."

"Basi nawa mikono, ule, ulale," Dada akasema. "Kesho kuna ibada, na wewe ukisinzia unakoroma."